Muda Unaopotea Msumeno Ukisimama

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Mbeya, afikapo Makambako, penye stesheni ya TAZARA na njia panda ya kwenda Njombe na Songea, hulakiwa na marundo ya mbao za paini. Na akizidi kupanda kuelekea Njombe, nchi ya misitu ya TANWAT, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1949, atasikia misumeno ikilia kila upande, ya viwanda vikubwa na ya mashine ndogo za kuhamahama ambazo wenyeji huziita ding-dong. Lakini atakaye kuijua faida na hasara ya kazi hii na aupime muda ambao msumeno haulii.

Msumeno ukiisha kupasua mbao za inchi mbili kwa nne ukatakiwa kupasua za moja kwa nane, au meno yake yakawa butu, shughuli yote husimama: mmoja hutafuta spana, mwingine hutumwa kuazima tupa, fundi hulegeza nati, hupima, hupasua ubao wa kwanza, huukataa, hupima tena, ilhali wabebaji walipwao kwa hesabu ya mbao wameketi juu ya magogo wakipoteza riziki yao. Kwa kuichelea taabu hiyo, mwenye mashine hupasua kipimo kimoja siku nyingi mfululizo, hata uwanja ukajaa mbao asizoulizwa na mtu, na mwenye lori aliyetaka vipimo mchanganyiko akaenda kununua kwa jirani. Rasilmali imelala uwanjani. Fauka ya hayo, paini mbichi iliyorundikwa bila vijiti vya kupitisha hewa, katika mvua na baridi ya nyanda hizi, huingia ukungu wa buluu unaoishusha bei.

Aliyelichunguza jambo hili kwa utaratibu ni mhandisi wa Kijapani, Shigeo Shingo. Mwaka 1950, katika kiwanda cha Toyo Kogyo mjini Hiroshima, alimtazama mfanyakazi akibadilisha kalibu ya mashine kubwa ya kukandamiza mabati, akamwona akihangaika zaidi ya saa nzima kwa ajili ya bolti moja iliyokosekana, mpaka akaazima bolti ndefu ya mashine nyingine, akaikata na kuichonga uzi upya. Hapo ikambainikia kwamba kazi ya kubadilisha ni ya namna mbili: ile isiyoweza kufanywa ila mashine imesimama, na ile iwezayo kufanywa mashine ingali ikienda, na kutafuta bolti ni katika hiyo ya pili. Mwaka 1969, katika kiwanda cha Toyota, mashine ya kukandamiza ya tani 1,000 ambayo kuibadilisha kalibu kulichukua saa 4 ilifikishwa dakika 90, kisha dakika 3.

Tadbiri hii, ya kuifanya kazi ya namna ya pili kabla mashine haijasimama na kuifupisha ile ya kwanza, haidai mashine mpya hata kwa mpasua mbao. Msumeno wa akiba na uwe umekwisha kunolewa kabla wa kwanza haujachoka. Nati zote na ziwe za saizi moja, ili spana moja itoshe, nayo itundikwe pale pale fundi anaposimama. La maana zaidi, vikatwe vipande vya mti mgumu au chuma, kimoja kwa kila kipimo cha ubao, vya kuweka kati ya msumeno na kizuizi, ili fundi asipime wala asijaribu. Kwa maana Shingo alikadiria kuwa majaribio na marekebisho peke yake hula karibu nusu ya muda wote wa kubadilisha. Wala simwamrishi mtu kukimbia: injini na izimwe, msumeno utulie kabisa, ndipo mkono ukaribie. Haraka ya mikono huleta ajali. Muda tunaoutaka hupatikana katika matayarisho.

Tangu mwaka 2013 wizara ya viwanda, kwa msaada wa Japani, imekuwa ikieneza mafunzo ya kaizen, yaani uboreshaji wa kazi hatua kwa hatua, katika viwanda vya Tanzania, nami natamani yafike hata kwenye mashine za msituni. Lakini mwenye mashine asingoje mwalimu. Na ampe mtu saa na karatasi, aandike kila kitendo cha kubadilisha na dakika zake, kisha wakae na fundi watie alama kila kilichowezekana kufanywa kabla msumeno haujasimama.