Muuzaji Akikuuliza Kwanza, Msikilize

Mzamiaji aliye mita 20 chini ya maji pale Mnemba, kaskazini-mashariki mwa Unguja, yumo kwenye mgandamizo mara tatu ya ule wa juu ya bahari. Hewa iliyoshindiliwa mtungini kwa bar 200 haiwezi kwenda moja kwa moja kifuani mwake. Hupita kwanza kwenye regileta: hatua ya kwanza, iliyofungwa kwenye mtungi, huipunguza hadi ibaki takriban bar 10 juu ya mgandamizo wa maji, na hatua ya pili, ile anayoiuma mdomoni, humpa hewa iliyolingana na maji yaliyomzunguka. Kifaa hicho ndicho pumzi yake. Na mara nyingi alikichagua kwa kumsikiliza mtu mmoja tu, aliyemuuzia.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wetu wa Nungwi, Mafia, Watamu na Diani wanaoifanya kazi ya kuwaongoza wageni baharini. Seti kamili mpya huvuka dola 1,000 za Marekani bila shida. Kwa kijana anayeanza kazi, hiyo ni mishahara ya miezi kadhaa, pengine pamoja na mkopo wa ndugu. Ushauri mbaya dukani unamla fedha kwanza, kisha unaweza kumla na yeye.

Wauzaji wengi si matapeli. Tatizo ni kwamba duka huwa na uwakala wa kampuni moja au mbili, na mwenye mali hukusifia aliyonayo. Ndiyo maana mimi humpima muuzaji kwa maswali anayoyauliza kabla hajafungua kabati. Unazamia wapi? Kwa wiki mara ngapi? Utakuwa unasafiri nayo? Nani atakutengenezea? Asiyeuliza lolote kati ya hayo, akakimbilia kukuonyesha ya bei kubwa, hajakushauri, amekuuzia tu.

Chukua mfano wa regileta za maji ya baridi. Husifiwa sana, na ni kweli zimeundwa zisigande kwa barafu. Lakini bahari yetu hukaa kati ya nyuzijoto 25 hivi wakati wa kusi na 29 kaskazi inapomalizika. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 kinataka regileta isiyopimwa kwa baridi kali iandikwe kuwa ni ya maji yanayozidi nyuzi 10. Alama hiyo imegongwa kwenye kifaa chenyewe, isome. Kwa mzamiaji wa Pemba regileta hiyo inatosha kabisa, na muuzaji mkweli atakwambia hivyo hata kama faida yake itapungua. Suti nayo ni hivyo hivyo: milimita 3 huwatosha wengi, ingawa anayezama kutwa nzima katika miezi ya kusi hatajuta akichukua ya 5.

Jambo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa, ni matengenezo. Makampuni mengi hutaka regileta ifunguliwe na kubadilishwa mipira yake kila mwaka au kila baada ya mizamo 100, lipi litangulie. Machache huruhusu miaka miwili. Mgeni wa likizo huifikia 100 baada ya miaka. Kiongozi anayezama mara mbili kwa siku huifikia ndani ya miezi miwili ya kazi. Kila kampuni ina vipuri vyake na mafunzo yake ya mafundi, na vipuri vya moja haviingii kwenye ya nyingine. Regileta bora duniani isiyo na fundi Zanzibar wala Mombasa itakufa kwa chumvi ikikungojea upate mtu wa kuipeleka Ulaya. Mimi ningechukua ya kawaida yenye fundi wa karibu, bila kusitasita.

Kwa hiyo ukitoka kaunta, nenda nyuma, kwenye karakana na kwenye matangi ya kuoshea vifaa. Tazama regileta ambazo duka hilo hilo linawakodisha wageni. Hizo zimechaguliwa na mwenye duka kwa fedha yake mwenyewe, zizame kila siku, zioshwe haraka, zishikwe na watu wasiozijua. Kama anakodisha aina moja na kukusifia nyingine, muulize sababu. Kisha muulize fundi ni aina gani inayorudi mezani kwake kila mara. Fundi hana cha kukuuzia.

Wapo wanaoletewa vifaa na jamaa walioko Uingereza au Dubai. Ni hisani kubwa, ila waulizwe kwanza mdomo wa regileta unaofungwa kwenye mtungi ni wa aina gani: wa DIN, unaoingizwa kwa kuzungushwa kwenye nyuzi za vali, au wa kibano, unaoikumbatia vali kwa nje. Hakikisha mitungi ya kituo unakofanyia kazi inaupokea, au nunua kiunganishi mapema.

Miwani haihitaji hotuba. Iweke usoni bila ukanda, vuta hewa kidogo kwa pua; ikishika bila kuvuja, hiyo ni yako, iwe ya bei gani.

Mitungi mikuukuu ndiyo inayonitia hofu. Zamani ilitumika aloi ya alumini iitwayo 6351, ambayo baadaye ilibainika kuwa huweza kupasuka shingoni. Nchini Marekani kampuni ya Luxfer iliiacha mwaka 1988. Tarehe ya kutengenezwa na ya kupimwa kwa mgandamizo wa maji hugongwa begani mwa mtungi. Wa alumini uliotengenezwa kabla ya 1990, usiununue hata ukipewa kwa bei ya chai.

Wenye maduka, nawaomba jambo moja: mruhusuni kijana azame na kifaa kabla ya kulipa, na mmwonyeshe daftari la matengenezo ya vifaa vyenu wenyewe. Nawe mnunuzi, liombe daftari hilo bila haya. Ukinyimwa, ondoka na fedha yako.