Jan Mzee na Mchoraji wa Delft

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo tunakwenda Delft.

Delft ni mji wa Uholanzi. Ni mji wa mifereji. Mfereji mbele ya nyumba, mfereji nyuma ya nyumba, na vidaraja vya kuvukia huku na huku. Kando ya mfereji mmoja wa zamani amesimama mzee mrefu sana. Urefu wake ni mita 75. Umri wake unapita miaka 650. Mzee huyu si mtu. Ni mnara wa Kanisa la Kale. Watu wa Delft wanamwita Jan Mzee. Wengine wanamwita Jan Aliyepinda, maana ameinama. Ameinama kweli! Kichwa chake kimechomoza karibu mita 2 nje ya mstari wa miguu yake.

"Mjomba, nani alimwinamisha?"

Umeuliza vizuri, mwanangu. Mama akiinjika chungu, na figa moja liko kwenye udongo mbichi, chungu kitafanyaje? Figa litadidimia, chungu kitalalia upande. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jan. Wajenzi walikosa nafasi, wakafukia sehemu ya mfereji ili wamsimamishe. Udongo ule ulikuwa laini. Jan akaanza kulalia upande kabla hajamaliza kujengwa. Mpaka leo hajaanguka.

Basi tumwombe Jan atuongoze. Hatembei, lakini mji wote anauona. Na kwa kuwa ameinama, hata akinong'ona tunamsikia.

"Karibuni, wajukuu," anasema Jan. "Mnamtafuta nani?"

Tunamtafuta Johannes Vermeer, mchoraji.

"Ah, Johannes! Yumo humu, miguuni pangu. Walimzika ndani ya kanisa hili mwezi Desemba 1675. Alikuwa na miaka 43 tu. Lakini msianzie kaburini. Anzeni alikoanzia yeye. Nendeni uwanja wa soko. Tembeeni taratibu, mtazame."

Tunatembea taratibu, tunatazama. Baiskeli zinatupita. Maduka yameanika sahani nyeupe zenye michoro ya buluu. Zamani wafinyanzi wa Delft waliona vyombo vya Kichina vilivyoletwa na merikebu, wakavipenda, wakaanza kuviiga. Vyombo kama hivyo vya Kichina ndivyo wazee wa pwani yetu walivyovipachika kwenye makaburi ya kale ya Kunduchi. Mzigo wa China ulifika mbali, wapwa zangu.

Huu hapa uwanja wa soko. Mbele yetu ni Kanisa Jipya. Linaitwa jipya, lakini limesimama zaidi ya miaka 500! Humo ndimo mtoto Johannes alimobatizwa, tarehe 31 Oktoba 1632. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni hapa uwanjani, iitwayo Mechelen. Tena aliuza picha. Kwa hiyo Johannes alikua akiona wasafiri wakiingia na kutoka, na picha zikining'inia ukutani.

"Nyumba hiyo tuingie, mjomba?"

Haipo tena. Ilibomolewa karne ya 19.

"Basi tukaone picha zake alizochora!"

Hapo ndipo Jan anapohema. "Wajukuu, zinazojulikana ni chache, kama 37 hivi. Johannes alichora polepole mno. Na hapa Delft, mji alimozaliwa, akaishi, akafa, picha yake halisi haipo hata moja. Kipo kituo chake hapo mtaa wa Voldersgracht, lakini mtakachoona humo ni nakala."

"Zilikwenda wapi?"

Swali hilo ndilo nililokuwa nikilingoja. Nyingine zilinunuliwa mapema na matajiri. Nyingine zilikwenda kwa mwokaji mikate. Ndiyo, mwokaji mikate! Mwaka 1663 mgeni kutoka Ufaransa alikuja Delft kumwona Vermeer. Akataka kuona kazi yake. Mchoraji hakuwa na picha ya kumwonyesha nyumbani. Wapi mgeni akaiona picha? Kwa mwokaji mikate.

Kisha zikaja siku ngumu. Mwaka 1672 Uholanzi ilivamiwa vitani. Watu wenye njaa na hofu hawanunui picha. Vermeer alipokufa alimwacha mkewe, Catharina, na watoto 11. Watoto wanakula, na mkate ni wa mkopo. Deni lilikuwa limefika gilda 617. Catharina akampa mwokaji mikate picha mbili ziwe dhamana. Mimi huyu mama namwonea huruma sana. Wanaosimulia habari za wachoraji humpita haraka, nami naona si haki. Alizaa watoto 15, akazika wanne, akamzika na mume, kisha akakabiliana na wadai.

Mji ukamteua mtu wa kusimamia mali iliyobaki. Mnajua ni nani? Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa. Naye alizaliwa Delft mwaka uleule wa 1632. Alisaga vioo vidogo sana, akavitumia kutazama tone la maji. Akaona ndani yake vijidudu hai ambavyo hakuna aliyepata kuvisimulia kabla yake. Mji mmoja, mwaka mmoja, watoto wawili. Mmoja alitazama mwanga dirishani, mwingine akatazama tone la maji. Naye pia amezikwa kwa Jan.

"Mzee Jan, wewe hukuwahi kuogopa?"

"Niliogopa mara moja. Ilikuwa asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 1654. Kulikuwa na ghala la baruti mjini. Likalipuka. Nilitetemeka kuanzia kichwani hadi miguuni. Vioo vya madirisha yangu vikamwagika chini. Sehemu kubwa ya mji ikawa kifusi, na watu wengi wakafa. Mmoja wao alikuwa Carel Fabritius, mchoraji kijana wa miaka 32. Mwaka huohuo alikuwa amechora ndege mdogo, jamii ya chiriku, amefungwa mnyororo mwembamba. Fabritius alikufa. Picha ya ndege ikabaki."

Ndege huyo yuko Den Haag, mwendo mfupi tu wa treni kutoka Delft, katika makumbusho ya Mauritshuis. Humo pia yumo binti aliyechorwa na Vermeer, mwenye hereni ya lulu, aliyejifunga kilemba cha buluu. Buluu ile ilisagwa kutoka kwenye jiwe la milima ya Afghanistan. Mwaka 1881 picha hiyo iliuzwa mnadani kwa gilda 2 na senti 30. Msishangae. Ilikuwa imechakaa, na wengi walikuwa wamemsahau aliyeichora.

Na humo imo picha ya mji wenyewe, ukitazamwa kutoka ng'ambo ya maji. Mawingu mazito yametanda juu, lakini jua limepenya nyuma, likaangukia mnara wa Kanisa Jipya. Malango mawili yaliyo mbele ya picha yalikwisha kubomolewa, lakini maji yale bado yapo. Unaweza kusimama kando yake ukatazama upande uleule. Jan naye yumo. Mtafuteni upande wa kushoto, ncha tu inachungulia juu ya mapaa.

Sasa turudi Delft, twendeni mtaa wa Vlamingstraat. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Vermeer alichora picha ndogo ya kichochoro. Nyumba ya matofali. Mama ameketi mlangoni akishona. Mwingine yuko uani akifanya kazi. Kati ya nyumba mbili kuna vipenyo viwili, kimoja hapa, kingine hapo. Kwa miaka mingi watu waliulizana: mahali hapa ni wapi? Mitaa ilichunguzwa. Kila mmoja akasema lake.

"Wangejuaje, mjomba, na picha haisemi?"

Ah, mwanangu! Ukiuliza hivyo nakupenda zaidi. Profesa mmoja wa Amsterdam, Frans Grijzenhout, hakuanza na picha. Alianza na daftari la kodi! Zamani mifereji ya Delft ilipozolewa tope, kila mwenye nyumba alilipa kulingana na upana wa nyumba yake. Daftari la mwaka 1667 liliandika upana wa kila nyumba na kila kipenyo kilichokuwa kando ya mfereji. Profesa akasoma, akalinganisha, akapekua. Nyumba mbili zenye upana karibu sawa, zenye vipenyo viwili katikati, ziko wapi? Akazipata mahali pamoja tu: Vlamingstraat, namba 40 na 42. Jibu lake likatangazwa mwaka 2015.

Na aliyeishi pale katika nyumba ya kulia ni nani? Shangazi yake Vermeer! Mama mjane aliyelea watoto wake kwa kuuza utumbo wa ng'ombe. Kipenyo cha kando ya nyumba yake watu walikiita Lango la Utumbo.

Nyumba zenyewe zimejengwa upya, lakini kipenyo cha kulia bado kipo. Pitisheni macho ndani yake. Kisha mrudi kwenye picha, mtazame chini, mbele ya nyumba ya shangazi. Watoto wawili wamepiga magoti sakafuni, wamezama katika mchezo. Uso wa hata mmoja hauonekani, na wanachochezea hakionekani. Wewe unadhani wanacheza mchezo gani?