Mteja Aliyevaa Sare: Biashara Ndani ya Uzio wa Shule (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia langoni, kwa akina mama wanaowauzia wanafunzi mihogo ya kukaanga, ubuyu, barafu, na michembe ambayo mtoto wa Usukumani huijua kabla hajaonja chipsi. Nilisema kwamba vumbi la barabarani na mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi ni mambo ya bwana afya, na dawa yake inajulikana. Leo tuvuke lango. Ndani kuna wauzaji wanaonitia wasiwasi zaidi.

Mama wa mihogo hana nguvu yoyote juu ya mtoto isipokuwa njaa yake. Asiye na shilingi mia humpita akaenda zake. Lakini gari la kampuni likiingia uwanjani, mwalimu mkuu akawapanga watoto mistari, wakaimbishwa jina la dawa ya meno au sabuni kisha wakagawiwa vipakiti vya kuonjea, mtoto hajui kwamba anauziwa. Kwake hilo ni somo, kwa kuwa aliyemsimamisha pale ni mwalimu yule yule wa hisabati. Jopo la chama cha wanasaikolojia wa Marekani lilieleza mwaka 2004 kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 8 hajaweza kutambua kuwa tangazo lina nia ya kumshawishi. Hao ndio watoto wetu wa darasa la kwanza na la pili.

Kwa nini mwalimu mkuu anafungua geti? Hesabu yake ni fupi. Chini ya utaratibu wa elimu bila malipo ulioanza Januari 2016, ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilitengwa kwa vitabu na 6,000 zikapelekwa shuleni. Ni shilingi 500 kwa mwezi. Kwa fedha hizo zinunuliwe chaki, karatasi za mitihani na mpira, na dirisha lililovunjika litengenezwe. Kampuni ikija na ndoo za kunawia mikono zenye nembo yake, nani atazikataa? Mimi simlaumu mwalimu huyo. Namlaumu anayejua njaa ya shule akaigeuza mlango wa soko.

Wakazi wa Mwanza tunao mfano ulio wazi. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ilipofanyika hapa kitaifa katika muongo uliopita ilitangazwa kwa jina la COPA UMISSETA, na hiyo COPA ilitoka kwenye mashindano ya vijana ya Coca-Cola. Jezi na mipira vilipatikana, vijana wakacheza, na hilo ni jema. Ila jina la soda lilitangulia jina la shule, na wadogo zao wa shule za msingi waliokuwa wakishangilia pembeni walilisikia.

Lililo zito zaidi halina nembo. Ni mwalimu anayeleta ndoo ya sambusa au barafu, akamkabidhi kiranja auze darasani. Mshahara haumtoshi, naelewa. Lakini muuzaji huyu ndiye anayesahihisha daftari na ndiye anayeshika fimbo. Mtoto asiyenunua siku tatu mfululizo huanza kujiuliza kama mwalimu amemkasirikia, na jioni humsumbua mama yake anayeanika dagaa Kirumba ampe hela ya shule. Sheria yetu inamwona mtoto huyo hawezi hata kufunga mkataba. Darasani anahesabiwa kuwa mteja kamili.

Biashara yenyewe haikuwa haramu shuleni. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya kinachopatikana. Hapo mtoto alikuwa mzalishaji.

Wenzetu wamekwishachora mpaka. Jimbo la Quebec, Kanada, limepiga marufuku tangu 1980 matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13. Kampuni ya vitu vya kuchezea, Irwin Toy, ilikwenda mahakamani, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaipa serikali ya jimbo ushindi. Chile ilizuia mwaka 2016 kuuza shuleni vyakula vilivyozidi sukari, chumvi na mafuta. Na Mei 2010, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliidhinisha mapendekezo kwamba mahali wanapokusanyika watoto, shule zikiwemo, pasiwe na aina yoyote ya kunadi vyakula vya namna hiyo. Tanzania ni mwanachama.

Tusisubiri Dodoma. Kila shule ya msingi ya serikali ina kamati yenye wazazi ndani yake. Mzazi wa Igoma, wa Sengerema, wa Ukerewe: kwenye kikao kijacho omba orodha ya kampuni zilizoingia shuleni mwaka huu, nani aliziruhusu na ziliacha nini. Kisha pendekeza mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: msaada upokelewe bila nembo, na mwalimu asimuuzie chochote mwanafunzi anayemfundisha. Sehemu ya tatu itahusu tuisheni.