Nafaka ya Yamama na Njaa ya Iraki

Ndugu Waislamu, kumnyima adui chakula ili anyenyekee si jambo jipya. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alilionja mwenyewe. Mnamo mwaka wa 7 wa Utume, Makureshi waliandika hati wakaitundika ndani ya Al-Kaaba, kwamba mtu asiwauzie Bani Hashim na Bani Muttalib, wala asinunue kwao, wala asioane nao. Kwa muda upatao miaka 3 jamaa hao walikaa katika bonde la Abu Talib wakila hata majani ya miti, na vilio vya watoto wao vikisikika nje. Waliosimama kuivunja hati hiyo ni watu wa Makka, akina Hisham bin Amr na Zuheri bin Abi Umayya, walioona haya kushiba hali jamaa zao wana njaa.

Sasa tazameni Mtume alivyofanya siku alipopata nafasi ya kulipiza, naye yuko Madina. Thumama bin Uthal, mkuu wa Bani Hanifa, alisilimu, akaenda Makka kufanya Umra. Makureshi walipomlaumu, aliapa kwamba haitawafikia hata punje moja ya ngano kutoka Yamama mpaka Mtume aruhusu. Makka haina mashamba. Watu wakashikwa na dhiki, wakamwandikia Mtume wakimkumbusha udugu. Naye akaamuru nafaka iachiwe ipite. Waliofunguliwa chakula ni watu wa mji ule ule uliomfungia bondeni!

Kwa mizani hiyo tuyapime mambo ya zama zetu. Tarehe 2 Agosti 1990 serikali ya Iraki iliivamia Kuwait. Huo ulikuwa udhalimu, wala hatuutetei. Siku 4 baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 661, lilikataza biashara na Iraki, isipokuwa dawa, na chakula penye dhiki. Lakini ruhusa ya kununua yamfaa nini aliyekatazwa kuuza? Iraki iliishi kwa mafuta yake. Kufikia 1995 dola moja ilipita dinari 1,000 sokoni, na wasomi wakauza vitabu na vyombo vya nyumbani wapate kula. Mtawala, yeye, aliendelea kujenga majumba ya fahari.

Mpango wa kuuza mafuta kwa ajili ya chakula ulileta shehena ya kwanza mwaka 1997. Hata hivyo Denis Halliday, aliyeusimamia huko Baghdad, alijiuzulu mwaka 1998 kwa kuona wanaoumia ni raia. Na Hans von Sponeck, aliyemfuata, akajiuzulu mwaka 2000. Vikwazo vya biashara viliondolewa Mei 2003.

Idadi kubwa ya watoto waliosemwa kufa katika hesabu ya 1999 haikuthibitishwa na uchunguzi wa baadaye. Basi tusiieneze, dhuluma ya kweli haihitaji kutiwa chumvi.

Huenda kijana akauliza: je, dhalimu aachwe? La! Azuiwe silaha, na mali aliyoiba irudishwe. Lakini unga wa mjane na dawa ya mtoto si silaha. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul Maida, aya ya 8, chuki yetu juu ya watu isitutoe katika uadilifu. Amri hiyo yawahusu wakubwa wa dunia, nayo yatuhusu sisi tunapomkasirikia jirani tukawasusia na watoto wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu hata kwa tunaowachukia. Amin.