Muhogo mchungu: namna sumu inavyozima nguvu ya mwili

Konzo ni ugonjwa unaopooza miguu ghafla, hasa ya watoto na wanawake. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka wa 1938 huko Kwango, na hadi leo unaonekana nchini Kongo, pale watu wanapokula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, bila protini ya kutosha.

Muhogo huo hutoa sumu ya sianidi, ambayo hushambulia nguvu ya seli. Kila seli hufanya kazi kwa molekuli iitwayo ATP, yenye fosfeti tatu. Fosfeti ya mwisho ikikatwa, nguvu hutoka: misuli hujikaza, neva hupeleka ujumbe. Kisha mitokondria huirudisha fosfeti hiyo kwa kutumia chakula na oksijeni. Akiba ni ndogo, kwa hiyo kazi hiyo haipumziki. Sianidi huzuia matumizi ya oksijeni. ATP inapungua ingawa mtu amekula na anapumua.

Kinga iko jikoni. Loweka muhogo siku tatu kabla ya kuuanika. Kama ni unga, uchanganye na maji, uutandaze tabaka nyembamba saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke hewani, ndipo upike ugali.