Mwenzio Akikoroma Usiku

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunaishi chumba kimoja na kitanda kimoja. Mwenzio akikoroma usiku kucha, asubuhi unafika kwenye mashine macho mazito, na mashine haina huruma. Jambo hili si la kuchekwa tu kilabuni.

Mtu akilala chali, ulimi hurudi nyuma, koo likabana, hewa ikapita kwa kelele. Mgeuze alale ubavu. Wengine hushona mpira mdogo mgongoni mwa fulana, akigeuka chali unamchoma. Pombe ya jioni hulegeza koo, aiache. Mwenye zamu ya alfajiri atangulie kulala.

Lakini sikiliza vizuri. Akinyamaza ghafla, pumzi ikakatika, kisha akashtuka kama aliyekabwa, huenda huo ni ugonjwa. Mchana husinzia, na akiwa dereva, abiria wote wako hatarini. Mpeleke hospitali, nawe ueleze ulichosikia, maana yeye hajui. Mwaka 1981 Daktari Colin Sullivan na wenzake kule Sydney, Australia, walitangaza tiba ya mashine inayosukuma hewa puani. Ni ghali kwa mshahara wetu. Basi tudai matibabu hayo katika mkataba wa hali bora, na dereva anayesinzia asifukuzwe kabla hajapimwa.