Vituo Ishirini na Saba vya Mwezi: Utangulizi wa Nakshatra za Kihindi

Mtu akiutazama mwezi usiku wa leo ukiwa karibu na nyota fulani, kisha akautazama tena kesho saa ile ile, ataona kwamba umeiacha nyota hiyo na kusogea upande wa mashariki. Mwendo wake ni kiasi cha nyuzi 13 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya upana wa ngumi iliyonyoshwa mbele ya macho. Baada ya siku 27 na saa zipatazo 8, mwezi huwa umekwisha kuizunguka mbingu yote na kuirudia nyota ile ile.

Juu ya jambo hili jepesi kuonekana, wataalamu wa kale wa India walijenga hesabu yao. Waliigawa njia ya mwezi katika sehemu 27, na kila sehemu wakaiita nakshatra. Sisi tunaweza kuziita vituo au manzili za mwezi. Hadithi yao husema kwamba vituo hivyo ni mabinti 27 wa Daksha, wote wakiwa wake wa Mwezi. Mume huyo alimpenda Rohini kuliko wenzake, akalaaniwa na baba mkwe. Ndiyo sababu hukonda na kunenepa kila mwezi.

Jinsi ya kuhesabu

Duara zima lina nyuzi 360. Ukizigawanya kwa 27, kila kituo hupata nyuzi 13 na theluthi moja. Kila kituo hugawanywa tena katika robo nne ziitwazo pada, na kwa hiyo pada zote ni 108. Buruji ni 12, kila moja ikiwa na nyuzi 30. Basi kila buruji huchukua pada 9 kamili.

Tuchukue mfano. Mwezi ukiwa nyuzi 45 kutoka mwanzo wa duara, umekwisha kupita vituo vitatu, Ashwini, Bharani na Krittika, ambavyo kwa pamoja ni nyuzi 40. Umo ndani ya kituo cha nne, Rohini, na umeingia nyuzi 5 ndani yake. Yaani uko katika pada ya pili.

Krittika si mgeni kwetu. Ni kile kishada cha nyota ambacho Waswahili hukiita Kilimia, kwa kuwa wakulima walikitazama kujua majira ya kulima. Waarabu hukiita Thurayya, nao katika hesabu yao ya manzili 28 hukiweka nafasi ya tatu, sawa na Wahindi wa leo. Hata hivyo, orodha za kale kabisa za India zilianza na Krittika yenyewe, na baadhi yake zilikuwa na kituo cha 28, Abhijit. Nyota nyingine zijulikanazo ni Aldebaran katika Rohini, Spica katika Chitra, na Antares katika Jyeshtha.

Kalenda na utabiri

Matumizi ya kwanza ya vituo hivi ni kalenda. Mwezi wa Chaitra umepata jina lake kwa sababu mwezi mpevu wake huonekana karibu na Chitra. Vivyo hivyo Karttika kutokana na Krittika. Hii ni kazi ya kutazama na kupima, na mtu yeyote aweza kuihakikisha.

Matumizi ya pili ni utabiri. Wanajimu hushika kituo alichokuwamo mwezi mtu alipozaliwa, na kwacho hugawa maisha yake katika vipindi tisa vyenye jumla ya miaka 120: Zuhura hupewa miaka 20, Zohali 19, Jua 6, na kadhalika. Wachumba nao hulinganishwa kwa vituo vyao na kupewa alama hadi 36. Hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Msichana aliyezaliwa katika kituo cha Mula hudhaniwa na wengi kuwa ataleta balaa kwa baba mkwe, na wako wanaokataliwa uchumba kwa sababu hiyo tu.

Mpaka uko wapi?

Mhimili wa dunia huyumba polepole mfano wa pia, na kwa hiyo majira huteleza kati ya nyota kwa kiasi cha nyuzi 1 kila miaka 72. Tofauti iliyokwisha kujikusanya ni karibu nyuzi 24. Ndiyo maana sikukuu ya Makara Sankranti, iliyofungamanishwa na kugeuka kwa jua kuelekea kaskazini, huadhimishwa katikati ya Januari, ilhali jua hugeuka mnamo tarehe 21 Desemba. Serikali ya India iliunda kamati ya kutengeneza kalenda mwaka 1952, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na kalenda ya taifa ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957.

Wanajimu wenyewe hawakubaliani juu ya kiasi kamili cha kusahihisha tofauti hiyo. Basi mtoto aliyezaliwa mwezi ukiwa karibu na mpaka aweza kuwa wa Mula kwa hesabu moja, na wa Jyeshtha kwa hesabu nyingine. Balaa gani hiyo inayotegemea kitabu kilichofunguliwa?

Jayant Narlikar, mtaalamu wa fizikia ya anga, pamoja na wenzake waliwapa wanajimu ramani za kuzaliwa za wanafunzi hodari na za watoto wenye ulemavu wa akili, wazitenganishe. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, wanajimu 27 walioleta majibu hawakufikia nusu kwa wastani. Arusaye sarafu angepata vivyo hivyo.

Kwa hiyo msomaji na atofautishe mambo mawili. Nakshatra kama kipimo cha mwendo wa mwezi ni urithi wa heshima, na hesabu yake hutimia kila usiku. Lakini kipimo hicho hueleza mahali ulipo mwezi. Thamani ya msichana hakiielezi. Mbingu zikitakata, kitafute Kilimia, uandike mwezi uko wapi, kisha uhesabu siku hata urudi.